Posa ya Mashine za Kihesa

Ruwaida Ahmadi alifanya kosa moja kubwa mwaka jana, na alilifanya huku anacheka. Alikwenda kuposa mashine.

Tuanze hapo, maana bila hapo mengine hayaeleweki. Ruwaida ni binti wa Soweto, Mbeya, na kazi yake ni kutengeneza gemu. Yeye na mwenzake Brayson, kijana wa Madibira aliyekulia kwenye majaruba ya mpunga akaibuka mchoraji, walikuwa mwaka wa tatu wakihangaika na gemu ya malori. Mchezaji anapakia mzigo, anapanda milima, anapigwa na ukungu, anasimamishwa mizani. Ruwaida anaandika programu, Brayson anachora. Ofisi yao ni chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la mzee Ahmadi, baba yake Ruwaida, ambaye mpaka leo akiulizwa binti yake anafanya kazi gani hujibu kwamba yuko kwenye usafirishaji.

Sasa gemu haijaribiwi na aliyeitengeneza. Inatakiwa ipelekwe kwa watu wasiokuonea haya, na Brayson, aliyesoma Iringa, aliwajua watu hao. Pale Kihesa kuna banda la gemu la Mama Faustina, mjane wa dereva wa lori. Ana mashine sita, zote za toleo la zamani, na televisheni sita zilizopangwa ukutani. Watoto wa pale wana midomo. Gemu ikiwa mbovu watakwambia hivyo hivyo, na watakuonyesha mahali pabovu kwa kidole. Kwa miaka miwili Ruwaida na Brayson walikuwa wakienda Kihesa na kurudi na orodha ya makosa, na Mama Faustina hakuwatoza hata siku moja. Aliwapa chai, akawapa godoro, akamwita Ruwaida mwanangu.

Siku moja Mama Faustina akauliza, "Hii gemu yenu ikikamilika itacheza kwenye mashine zangu hizi, au mtawapa wenye mashine mpya?"

"Itaanzia hapa kwako, mama," Ruwaida akasema.

"Maneno tu hayo. Mtu akitaka kitu kwa watu si analeta barua?"

Mtu mwenye akili angecheka akanywa chai yake. Ruwaida alicheka, akarudi Mbeya, akachukua dukani kwa baba yake kitambaa chekundu chenye ukingo wa nyuzi za dhahabu, akaandika barua ya posa. Aliandika kwamba wao wa Mbeya wana kijana wao, Gemu ya Malori, mchapakazi, hanywi, havuti, naye amewaona mabinti sita Kihesa na moyo wake umetulia. Akaifunga barua kwenye kitambaa, akaipeleka Iringa kwenye sinia. Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi.

Mama Faustina naye alicheka, lakini aliipokea barua kwa mikono miwili. Akamwita wifi yake, Shangazi Evarista, muuza viazi maarufu wa soko kuu, aje ashuhudie. Kisha akakiweka kile kitambaa kabatini nyuma ya kioo, kando ya picha ya harusi yake, na wiki iliyofuata ukuta wa banda ukaandikwa kwa rangi ya bluu: GEMU YA MBEYA ITAANZA HAPA. Hapo ndipo Ruwaida alitakiwa kuacha kucheka, lakini hakuacha.

Mwaka huu ulipofika, watengenezaji wakubwa wa ng'ambo walianza kuvunja ahadi. Mashine mpya ilikuwa imeshazoeleka, ile ya zamani inaelekea kustaafu, na kila baada ya wiki mbili linatoka tangazo: gemu fulani mliyoahidiwa kwenye mashine ya zamani haitakuja tena, samahanini, nunueni mpya. Ruwaida aliyasoma matangazo yale kwa sauti na kuyasonya. "Hawa watu hawana haya," alimwambia Brayson. "Mtu unaahidi, unachukua heshima ya watu, halafu unatuma tangazo."

Jumatatu moja asubuhi ikaingia barua pepe ya kampuni ya ng'ambo iliyochukua kazi ya kuisambaza gemu yao. Ilikuwa fupi na yenye adabu nyingi, jambo ambalo peke yake lilimtisha. Gemu ya Malori imekuwa kubwa mno, mashine ya zamani haiibebi. Toleo hilo limefutwa. Orodha ya gemu zilizofutwa itatangazwa kesho. Kile kionjo kidogo kilichotolewa mwaka jana watu waonje bure kinaweza kubaki, na kama wanataka kukifanyia marekebisho ya mwisho, mlango utafungwa Jumamosi.

Ruwaida hakuufikia mstari wa mwisho, au aliufikia akauruka. Nani alikuwa na habari na kionjo? Kilikuwa na barabara moja na lori moja. Yeye alikuwa anaona ule ukuta wa bluu.

"Nitamtumia meseji Mama Faustina," akasema, na sauti yake mwenyewe hakuipenda.

Mzee Ahmadi alikuwa mlangoni anapima kitambaa cha mteja. Akaacha mkasi. "Meseji? Kitambaa changu kiko kwenye kabati la watu, na wewe unataka kuvunja posa kwa meseji?"

"Baba, ule ulikuwa utani."

"Ulibeba sinia?"

"Nilibeba."

"Walipokea kwa mikono miwili?"

Ruwaida akairudisha simu mezani.

"Basi nenda kwa Mzee Sedekia," akasema baba yake, na kurudi kwenye mkasi.

Mzee Sedekia ni jirani yao, mshenga aliyeozesha nusu ya Soweto na kupatanisha nusu nyingine. Maishani mwake hajawahi kushika pedi ya gemu. Alisikiliza kisa chote akiwa amefumba macho, Ruwaida akadhani amelala, kumbe alikuwa anatafuta maneno. Akauliza maswali matatu tu. Kosa ni la bibi harusi au la bwana harusi? La bwana harusi. Amefanya nini? Amekuwa mkubwa kupita kiasi. Na wazazi wake wanasemaje? Wazazi wake wako ng'ambo, wamekataa.

"Nimeelewa," akasema. "Tunaondoka kesho. Mchukue na zawadi ya kuombea radhi. Na wewe, binti, ukifika kule hutasema neno mpaka uitwe. Mwenye kosa akitangulia kusema, mshenga anabaki hana kazi."

Njia nzima Ruwaida alikuwa na jambo moja moyoni. Kuna siku posa inavunjika vizuri, watu wanaagana, na kuna siku kitambaa kinarudishwa. Kikirudishwa mkononi mwako, basi, yamekwisha. Hutaitwa tena mwanangu pale. Alipita Makambako akiliwazia hilo, akapita Mafinga akiliwazia hilo hilo. Brayson yeye alikuwa amekumbatia gunia dogo la mchele wa mama yake wa Madibira na kusinzia kwa amani.

Banda walilikuta limezimwa, jambo ambalo Ruwaida hakuwahi kuliona. Televisheni zote sita nyeusi, mabenchi yamegeuzwa yakatazama mlango, na watoto wamejaa mpaka dirishani. Mbele, kwenye kiti cha mikono, ameketi Shangazi Evarista na kitenge kipya. Kando yake Mama Faustina, kimya. Na mapajani mwa Mama Faustina kipo kile kitambaa chekundu.

Ruwaida alikiona, akabaki mlangoni.

"Kamwene!" Shangazi Evarista akawasalimu.

"Kamwene, kamwene," Mzee Sedekia akaitikia vizuri, akaketi. Akapewa maji, akanywa taratibu mpaka yakaisha, akamshukuru aliyeyaleta, akakohoa.

"Ndugu zetu wa Kihesa. Mwaka jana kijana wetu alileta barua hapa, mkaipokea, Mungu awabariki. Tangu siku ile kijana kule Mbeya alikula vizuri. Akanenepa. Leo nasema kwa aibu, amenenepa mno. Tumempima kwenye milango ya mabinti zenu, haingii. Tumemwinamisha, haingii. Tumemvua koti, haingii."

Watoto wakaangua kicheko. Ruwaida akamtazama mzee yule kwa mshangao, maana wahandisi wa ile kampuni walikuwa wameeleza jambo hilo hilo kwa kurasa nne na halikueleweka hivyo.

"Nyamazeni!" Shangazi Evarista akapiga mkono wa kiti. "Mzee, kwani milango yetu imepungua?"

"Haijapungua, mama. Ni yeye."

"Basi mpunguzeni. Mtu akinenepa si anafunga?"

"Wakubwa wake wa ng'ambo wamekataa. Wanasema posa zote za mabinti wa umri huu zimefutwa, si ya kwenu peke yake."

Mzee Sedekia mwenyewe alitambua alichosema, lakini kilikuwa kimeshatoka.

"Umri?" Shangazi Evarista akasimama, na akisimama yule mama nuru ya mlangoni hupungua. "Umri gani? Mabinti wetu wamezeeka? Wewe mzee, hebu njoo uwatazame! Huyu hapa wa kwanza hajawahi kupelekwa kwa fundi. Huyu wa tatu anacheza tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni na hapati joto! Nenda kule Mlandege kwenye banda la mashine mpya, zinakoroma utadhani zina pumu!"

"Kweli kabisa!" watoto wakaitikia.

"Nimekosea, mama. Nafuta neno."

"Lifute vizuri!"

"Nimelifuta lote." Mzee Sedekia akatoa leso akajipangusa jasho, na kwa Iringa ya mwezi wa saba, kutoka jasho si jambo dogo. Miaka yote ya ushenga alikuwa hajawahi kumtusi bibi harusi, achilia mbali sita kwa mpigo.

Hapo Mama Faustina akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Mwiteni mwenye kosa."

Ruwaida akasogea mbele. Maneno yote aliyoyapanga tangu Mbeya yalikuwa yamebaki njiani. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Mama, shikamoo. Mimi nilikuwa nawacheka wakubwa wanaovunja ahadi. Niliwasonya. Kumbe ilikuwa tu zamu yangu haijafika. Hapa ulinipa kila kitu na mimi nikakuahidi kitu ambacho sikuwa na uwezo wa kukishika. Ukuta wako umeandikwa kwa sababu yangu. Nisamehe, mama. Ninaona aibu kweli."

Alikuwa analia, na hakuona sababu ya kuficha.

"Ulijua lini?" Mama Faustina akauliza.

"Jana asubuhi."

"Sisi tumejua leo asubuhi. Orodha imetoka kwenye simu, hawa wakaniletea nisome." Akawatupia jicho watoto. "Nikasema, sasa tutazame. Watatuma meseji kama wenzao, au watakuja."

Ruwaida alimkumbuka baba yake na mkasi wake, akashukuru kimoyomoyo.

Shangazi Evarista alikuwa bado amesimama. Hasira ilikuwa imemwisha lakini kitenge kilikuwa kipya na hakuwa tayari kukaa. "Haya. Bwana harusi hatufai, mnene. Mimi nauliza kitu kimoja, maana kwetu hatuachi kuuliza. Nyumbani kwao hakuna mdogo wake?"

Watu wakacheka. Mzee Sedekia naye akacheka, kisha akamgeukia Ruwaida kwa desturi tu, ajibu kwamba hakuna.

Ule mstari wa mwisho wa barua pepe, alioupita Jumatatu kama mtu anayepita kibao asichokihitaji, sasa ulikuwa umemkaa mbele ya macho.

"Yupo," akasema.

"Yupo?" Brayson akashtuka.

"Kionjo. Yupo tayari humu ndani, kwenye mashine zote sita. Wamesema abaki."

Mzee Sedekia akakaa vizuri kitini. Sasa alikuwa nyumbani. "Huyo mdogo ana afya?"

"Ana afya, ila ni mdogo. Ana barabara moja tu."

"Inatoka wapi kwenda wapi?" akauliza Shangazi Evarista.

"Iringa kwenda Mbeya."

"Na yule mnene alikuwa nazo ngapi?"

"Kumi na moja. Zambia, Kongo, mpaka Msumbiji."

Shangazi Evarista akaligeukia banda zima. "Nani hapa ana safari ya Kongo?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kisha kelele ikalipuka ambayo Ruwaida hakuwahi kuisikia hata siku za fainali, maana watoto wote walikuwa wanasema kwa pamoja. Walikuwa wanakijua kionjo kile kona kwa kona. Walikuwa na malalamiko yao dhidi yake ya mwaka mzima, na sasa wamepewa nafasi ya kutaja mahari. Wanataka watu wawili washindane, si mmoja mmoja. Wanataka honi, honi ya kweli ya lori, siyo ile inayolia kama baiskeli. Wanataka yale maandishi ya mwisho yaondolewe, yale yanayotokea ukifika Mbeya yakikwambia usubiri gemu kamili.

"Hayo yanatuudhi," akasema msichana mmoja. "Umeendesha njia nzima, halafu unaambiwa hujafika."

"Na lori lianzie hapa," akasema Shangazi Evarista. "Hapa mlangoni. Ukuta umeshaandikwa, mimi sirudii kununua rangi."

Mzee Sedekia akamtazama Ruwaida. "Mtaweza?"

"Mlango unafungwa Jumamosi," Ruwaida akasema. "Leo Jumanne." Akahesabu kichwani, akamtazama Brayson, Brayson akatikisa kichwa kwamba haiwezekani, kisha akatikisa tena kwamba labda. "Tukifanyia kazi humu humu, na hawa wakitujaribia kila saa, tutaweza."

"Na faini ya kuvunja ile ya kwanza?" Shangazi Evarista hakuwa mtu wa kusahau.

Brayson akainua gunia la mchele.

"Wa Madibira?" Akauchota, akaunusa, akauachia upite kati ya vidole. "Faini imepokelewa. Upelekwe jikoni, maji yameshachemka."

Ruwaida akainua kichwa. Ni kweli, tangu waingie kulikuwa na harufu ya nyama, lakini hofu ilikuwa imemziba pua. Akaenda uani kusaidia, kama binti wa nyumbani afanyavyo, na kule akakuta sufuria mbili kubwa na manyoya ya majogoo wawili kwenye beseni.

"Kula bila wasiwasi," Mama Faustina akasema nyuma yake. "Amechinja Abdulkarim wa pale dukani. Nilimwita asubuhi."

"Asubuhi? Kabla hatujafika?"

"Baada ya kusoma ile orodha."

"Na kama tusingekuja, mama?"

"Tungekula wenyewe, tukakusema vizuri." Mama Faustina akamkabidhi mwiko. "Koroga, usiunguze."

Ruwaida akakoroga huku anacheka na kulia, moshi ukabeba lawama.

Siku nne zile Kihesa wanazisimulia mpaka leo. Ruwaida aliweka kompyuta yake juu ya friji ya soda, Brayson akachora kwenye benchi, na watoto wakapangiana zamu za kujaribu kwa ukali kuliko walimu wao. Kosa likionekana, linapigiwa kelele. Likirekebishwa, linapigiwa makofi. Honi walikwenda kuirekodi stendi ya malori Ipogolo, na dereva mmoja alipoelezwa kisa akaipiga mara saba bila kuombwa. Mzee Sedekia alikataa kurudi Mbeya. Alisema mshenga haachi shughuli katikati, lakini wote walimwona Alhamisi ameshika pedi kwa mikono miwili, ulimi nje, akiligonga lori kwenye mizani.

Ijumaa jioni walituma marekebisho. Jumamosi saa tano asubuhi yakakubaliwa, mashine moja baada ya nyingine ikayapokea, na banda likatetemeka.

"Wa kwanza nani?" watoto wakauliza, kila mmoja akijiona ndiye.

"Mwenye nyumba," akasema Shangazi Evarista.

Mama Faustina alikuwa na banda miaka sita na hakuwahi kucheza. Alisema hajui, wakamkalisha. Brayson akamwekea pedi mikononi bila kumtazama usoni, maana alikuwa na siri. Kioo kikawaka. Pale Kihesa, mbele ya banda dogo lenye maandishi ya bluu ukutani, liliegeshwa lori la kijani lenye bampa nyeupe, na juu ya kioo limeandikwa HARAKA YA NINI.

Mama Faustina akaweka mkono mdomoni. Lilikuwa lori la marehemu mumewe. Brayson alikuwa amelichora kutoka kwenye picha iliyokuwa kabatini, bila kumwomba ruhusa mtu.

"Baba Faustina," akasema taratibu. Kisha akapiga honi.

Aliendesha vibaya, na aliendesha polepole kupita maelezo. Shangazi Evarista, aliyeshika pedi ya pili, alimpita Mafinga akishangilia, akapinduka mbele kidogo. Watoto walimpigia kelele Mama Faustina akanyage, hakukanyaga. Makambako akasimama kabisa. Wakamuuliza kuna nini. "Alikuwa anasimama hapa kunywa chai," akasema, akangoja kama dakika moja, na katika banda lile lenye midomo hakuna aliyemharakisha. Akaondoka tena, akapita Igawa, akapanda, ukungu ukamfunika, ukamwachia, na milima ya Mbeya ikatokea.

Pale mwisho, palipokuwa na maandishi ya kusubiri gemu kamili, Ruwaida alikuwa ameandika mengine: KARIBU MBEYA. UMEFIKA.

Mama Faustina aliyasoma kwa sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka na meno yote yako nje. Akaweka pedi mapajani, akachomoa kile kitambaa chekundu kwenye mkunjo wa kitenge chake, na Ruwaida, hata baada ya yote yale, akaficha mikono nyuma. Lakini Mama Faustina alikizungusha kwenye pedi ile, akafunga fundo, akalivuta likakaza.

"Mwambie baba yako hakirudi," akasema. "Haya, mwanangu, kaa hapa. Tugeuze lori, twende nyumbani."